Chuma Ndani ya Mfupa

Neno mganga latokana na kuganga, yaani kuunga kilichovunjika, na gango ndicho kipande kinachokishikilia. Wazee wetu walijua kwamba mfupa hujiunga wenyewe. Kazi ya mtu ni kuutuliza tu. Wakaufunga kwa mabanzi ya miti na kamba. Ulaya nako walifanya vivyo hivyo, hata mwaka 1851 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alipobuni bendeji ya jasi, ambayo hulowekwa majini kisha hukauka ikawa ngumu kama jiwe.

Jasi yafaa sana ngozi ikiwa nzima, na kwa mtoto, ambaye mfupa wake hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi. Mfupa wa paja ni habari nyingine. Ukikatika kwa mshazari, misuli mikubwa huvuta vipande hata vikapandana, na mguu ukawa mfupi. Ndipo mwaka 1939, mjini Kiel, Mjerumani Gerhard Küntscher alipopitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya mfupa, mahali pa uboho. Wenzake wengi walishtuka. Lakini mateka wa vita walirudi kwao wakitembea, na madaktari wa Uingereza na Marekani wakaona katika picha za eksirei fimbo ya chuma pajani!

Basi, kwa nini Goma mtu aliyepigwa risasi mara nyingi hatiwi msumari huo siku ile ile? Ni kwa sababu ya uchafu. Aliyeanguka na pikipiki aweza kuvunjika mahali pamoja tu. Risasi huuponda mfupa vipande vipande, tena huingiza vumbi na nyuzi za nguo. Chuma kikifungiwa humo, usaha hung'ang'ania juu yake, na dawa hushindwa kuuondoa. Kwa hiyo daktari huosha kidonda, hukata nyama iliyokufa, kisha hukiacha wazi siku chache. Paja huvutwa kwa uzito ulioning'inizwa kitandani; muundi wenye kidonda kikubwa hushikwa kwa pini zilizotokeza nje ya ngozi na kufungwa kwenye ufito wa chuma.

Mbelgiji Albin Lambotte wa Antwerp aliitumia njia hii ya pini tangu mwaka 1902. Mtu huyu alitengeneza pia violini kwa mikono yake mwenyewe, wala sioni ajabu.

Katika hospitali ya Ndosho, ya Wabaptisti wa CBCA, madaktari wa Msalaba Mwekundu walianza kuwapasua majeruhi wa vita mwaka 2012. Mapigano yalipoingia mjini Januari 2025, wagonjwa walizidi vitanda. Ndugu wa mgonjwa huogopa wakiona vyuma vimetokeza mguuni, na wengine huomba viondolewe mapema. Vikitoka kabla ya wakati, mfupa hupinda. Pini husafishwa kila siku, kwa miezi kadhaa. Mfupa ukishikamana, ufito hufunguliwa kwa spana na pini huchomolewa. Matundu huziba yenyewe.