Kutoka Kiti cha Enzi hadi Mkokoteni: Hesabu na Hadithi katika Michezo ya Biashara ya Tarakilishi

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuitazama hadithi kama kitu kinachotoka mikononi mwa mtunzi kikiwa kimekamilika. Msomaji wa riwaya aweza kuifasiri apendavyo, lakini hawezi kumzuia mhusika kutenda lililokwisha kuandikwa. Fanani wa ngano huulegeza mpaka huo kwa kiasi fulani, kwani hadhira humwitikia, humkatiza, na pengine humlazimisha kurefusha au kufupisha masimulizi; hata hivyo, kauli ya mwisho hubaki kuwa yake. Mchezo wa tarakilishi unaoiga biashara umeyageuza mahusiano hayo. Humo hadhira ndiyo inayoamua bei, akiba na mkopo, na matukio huzaliwa kutokana na maamuzi hayo.

Makala haya yanachunguza historia ya utanzu huo kwa kurejelea kazi nne. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba hadithi katika michezo hii haikukomaa kwa kuongezewa mazungumzo na picha. Ilikomaa kadiri mchezaji alivyoshushwa kutoka nafasi ya mtawala hadi nafasi ya mtu ambaye, hesabu ikienda kombo, yeye mwenyewe ndiye anayelala njaa.

Mtawala na ghala la nafaka

Mwanzo wa utanzu huu haukuwa katika kampuni ya michezo. Ulikuwa katika elimu ya msingi huko jimbo la New York, Marekani. Mnamo 1964, mwalimu Mabel Addis alibuni The Sumerian Game, na William McKay wa kampuni ya IBM akauandikia programu. Mwanafunzi aliwekwa katika nafasi ya Luduga, mtawala wa mji wa Lagash katika Sumeri ya kale. Alipokea ripoti ya mavuno, kisha akaamua ni nafaka kiasi gani iliwe, ipandwe au iwekwe ghalani. Mchezo ulipitia tawala tatu, ukianza na kilimo pekee, kisha ufundi, kisha biashara na nje. Katika toleo lililorekebishwa mwaka 1966, Addis aliongeza picha za slaidi na sauti zilizorekodiwa za washauri wa mfalme. Yaani tangu mwanzo, mtunzi wa kwanza wa utanzu huu alihisi kwamba tarakimu peke yake hazitoshi. Zahitaji mandhari na sauti za watu.

Warithi wake waliichukua hesabu na kuiacha hadithi. Mwaka 1968 Doug Dyment aliandika toleo fupi lililoweza kuingia katika tarakilishi yenye kumbukumbu ndogo sana, na David Ahl akalihamishia baadaye katika lugha ya BASIC, ambako lilienea kwa jina la Hamurabi. Mchezaji huanza na watu 100, ekari 1,000 na busheli 2,800 za nafaka. Kila mtu huhitaji busheli 20 kwa mwaka na huweza kulima ekari 10. Baada ya miaka 10 mtawala huhukumiwa.

Hukumu yenyewe inastahili kuchunguzwa kwa jicho la kihakiki. Kipimo kimojawapo ni idadi ya ekari kwa kila mtu, na kipimo hicho chaweza kupanda hata pale watu wanapopungua kwa tauni. Ni kweli kwamba anayewaua raia wengi mno kwa njaa katika mwaka mmoja huondolewa madarakani. Lakini chini ya kiwango hicho, kifo ni gharama tu miongoni mwa gharama nyingine. Raia hawana majina wala usemi. Kwa istilahi za fasihi, kuna msuko bila wahusika. Uteuzi wa mchezaji hauna uzito wa kimaadili, kwa sababu kila kitu, hata uhai, hupimwa kwa kibaba kimoja cha nafaka.

Mwenye duka na deni

Hatua ya pili ilichukuliwa na watunzi huru, yaani watu wachache wanaobuni kazi zao nje ya mtaji na amri za kampuni kubwa. Mnamo 2007 kikundi cha Kijapani EasyGameStation kilitoa Recettear, na tafsiri ya Kiingereza ya Carpe Fulgur ikafuata mwaka 2010. Mhusika mkuu, Recette Lemongrass, ni msichana aliyeachiwa deni na baba yake aliyetoweka. Analazimika kuigeuza nyumba yake kuwa duka ili alipe jumla ya pix 820,000, sarafu ya ulimwengu huo wa kubuni. Malipo hupanda kila wiki: 10,000, kisha 30,000, kisha 80,000, kisha 200,000, na hatimaye 500,000.

Ubunifu wa kazi hii umo katika ratiba hiyo ya malipo. Taharuki ambayo mwandishi wa riwaya angeijenga kwa maneno hapa hujengwa na tarehe ya deni. Kila siku imegawanywa katika vipindi, na kukitumia kipindi kimoja kutafuta bidhaa ni kukikosa kwa kuuza. Isitoshe, wateja wana majina, hulka na uwezo tofauti, na anayewakamua leo huenda asiwaone kesho. Hata hivyo, kushindwa kumelainishwa. Recette akikosa kulipa, mchezaji hurudishwa siku ya kwanza akiwa na bidhaa alizokwisha kukusanya. Anguko la mhusika linakuwa faida ya mchezaji, na huzuni yake inageuka kichekesho.

Mchuuzi na saa isiyosimama

Cart Life, kazi ya Mmarekani Richard Hofmeier, iliufuta ulaini huo. Wahusika wake ni wachuuzi wa barabarani, miongoni mwao Andrus, mhamiaji kutoka Ukraine anayeuza magazeti, na Melanie, muuza kahawa aliye katika talaka na anayepigania malezi ya binti yake. Mchezaji hulazimika kuchapa maneno ili kuandaa bidhaa na kukokotoa chenji kabla mteja hajachoka kungoja. Saa haisimami.

Hapa ndipo vipimo viwili vinapogongana. Melanie anahitaji mapato ili aithibitishie mahakama kwamba anaweza kumlea binti yake. Lakini muda wa kumsindikiza binti huyo shuleni ni muda ambao kahawa haiuzwi. Hakuna kanuni ya hesabu inayobadilisha matembezi hayo kuwa dola. Kwa mara ya kwanza katika kazi zilizochunguzwa, mchezaji haulizwi ni jibu gani lenye faida zaidi. Anaulizwa faida ni nini. Huo ndio mgogoro kwa maana kamili inayofahamika katika uhakiki wa tamthilia. Mwaka 2013 kazi hii ilipata tuzo kuu ya tamasha la michezo huru, Independent Games Festival, pamoja na ile ya ubora wa usimulizi.

Yawezekana kupinga kwamba kuufanya ufukara kuwa mchezo ni kuudhihaki. Pingamizi hili lina uzito, hasa kwa vile mchezaji hodari aweza kumfikisha Melanie kwenye ufanisi, na hivyo kudokeza kwamba maskini hukosa bidii tu. Hata hivyo, ustadi huo hununuliwa kwa uchovu wa kurudia kazi ileile, na uchovu huo ni sehemu ya maudhui. Inafaa kukumbuka pia kwamba mwaka 2014 Hofmeier aliacha kuiuza kazi hiyo akaitoa bure pamoja na msimbo wake.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba fani na maudhui hayatenganiki hata pale fani inapokuwa jedwali la mapato na matumizi. Addis alizileta sauti za washauri kando ya hesabu, Hamurabi ulizinyamazisha, Recettear uliligeuza deni kuwa msuko, Cart Life ukaweka katika mizani moja mambo mawili yasiyopimika kwa pamoja. Kwa mtunzi anayekusudia kubuni mchezo wa aina hii, funzo ni kwamba hiari ya mchezaji haitokani na wingi wa njia alizowekewa. Hutokana na kuwapo kwa kitu ambacho akikipoteza, hakuna faida ya kukifidia. Kwa mhakiki, swali la kuanzia ni lile lile linaloulizwa kuhusu riwaya na tamthilia: ni nani anayelipa gharama ya tendo, na je, ana jina?