Msokoto wa Kasiba na Umbo la Risasi

Gobore, yaani bunduki ishindiliwayo kwa mdomo, ilikuwa kwa muda mrefu na kasiba laini. Baruti ilitangulia, risasi ya mviringo ikafuata, na mdeki ukashindilia. Risasi ilikuwa ndogo kuliko tundu ili ishuke upesi. Kwa hiyo wakati wa kutoka iligonga huku na huku, na mwelekeo wake haukutegemewa. Dawa ya upotovu huo ilijulikana zamani, nayo ni kuchonga ndani ya kasiba mifuo iliyosokotwa kama mikato ya parafujo, ili risasi itoke ikizunguka. Palibaki swali gumu: izungushwe kwa kasi gani? Katika Uingereza ya karne ya 19 swali hilo lilileta hoja kubwa baina ya fundi na jeshi.

Bunduki ya Ezekiel Baker, iliyopokewa na jeshi la Waingereza mwaka wa 1800, ilikuwa na kasiba ya inchi 30 na mifuo 7, nayo iliizungusha risasi robo ya mzunguko tu. Msokoto huo mpole haukuwa kosa. Risasi ya mviringo haina kichwa wala mkia, basi upepo hauna pa kuishika uipindue. Mzunguko huifaa kwa kusawazisha kasoro zake tu. Zaidi ya hayo, risasi hiyo hushikwa na mifuo kwa kitambaa chenye mafuta. Msokoto ukiwa mkali na baruti nyingi, risasi huruka mifuo bila kuifuata.

Mambo yaligeuka Mfaransa Claude-Étienne Minié alipotoa risasi yake mwaka wa 1849. Ilikuwa ndefu, yenye ncha, na kitako chenye shimo. Ilishuka kwa wepesi; lakini baruti ilipowaka, kitako kilitanuka kikajaza mifuo. Kwa risasi ya namna hiyo Waingereza walitengeneza bunduki ya Enfield ya mwaka wa 1853, yenye tundu la inchi 0.577, mifuo 3, na mzunguko mmoja katika inchi 78. Kasiba yake ilikuwa ya inchi 39, basi risasi ilitoka imefanya nusu ya mzunguko.

Mwaka wa 1854 serikali ilimwomba Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester aliyesifika kwa vipimo vyake, achunguze kasiba hizo. Alijenga ukumbi wa yadi 500 ili upepo usimdanganye, akajaribu misokoto mbalimbali. Aliona kwamba uzito uleule wa risasi, greni 530, ukitiwa katika umbo jembamba na refu hupasua hewa vizuri zaidi. Lakini umbo refu lina hatari yake: hewa husukuma kichwa na kutaka kukipindua, na risasi huanguka kama pia iliyopungua kasi. Kwa hiyo Whitworth alichagua tundu la pembe sita, inchi 0.451, na mzunguko mmoja katika inchi 20.

Bunduki hizo mbili zilishindanishwa Hythe mwaka wa 1857. Kwa yadi 500, wastani wa kupotoka kwa risasi za Enfield ulikuwa inchi 27 hivi. Wa Whitworth, inchi 4 na nusu hivi. Julai 2, 1860, huko Wimbledon, Malkia Victoria alivuta kamba ya bunduki ya Whitworth iliyofungwa imara, na kwa yadi 400 risasi ikapiga inchi 1 na robo tu kutoka katikati ya shabaha.

Hata hivyo jeshi halikuifanya silaha ya askari wote. Masizi ya baruti nyeusi huziba upesi tundu jembamba, na gharama yake ilikuwa kubwa. Askari aliye vitani hushindilia mara nyingi bila nafasi ya kusafisha. Bunduki isiyokubali risasi ya ishirini haimfai, hata kama ya kwanza ilipiga katikati. Fundi alipima shabaha, jeshi likapima vita; kila mmoja alikuwa na haki yake.

Wakati ulizipatanisha hoja hizo. Mwaka wa 1871 jeshi lilipokea Martini-Henry, yenye tundu la inchi 0.450 na mzunguko mmoja katika inchi 22, karibu sawa na vipimo vya Whitworth. Lakini iliingizwa risasi kwa nyuma, na mdeki haukuhitajika tena kupambana na masizi. Mwaka wa 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu huko Woolwich, alitoa kanuni: zidisha upana wa risasi kwa wenyewe, kisha kwa 150, ugawanye kwa urefu wake, jibu ni inchi za mzunguko mmoja. Kwa kanuni hiyo, kadiri risasi ya upana uleule inavyorefuka, ndivyo msokoto unavyopaswa kukazwa. Hapana msokoto bora kwa kila bunduki. Anayetaka kuujua wa kasiba yake na aitazame kwanza risasi.