Mwenyeji wa Kalemie ni Nani?

Swali hili si la mchezo. Tangu mwaka 2013 Watwa na Waluba wa jimbo letu la Tanganyika walipigana. Mwaka 2016 vita viliwaka tena, na sababu moja iliyotajwa ilikuwa kodi juu ya viwavi wanaookotwa na Watwa porini. Mwaka 2017 maelfu ya wakimbizi walilala vibandani kandokando ya mji wetu.

Hapo kale palikuwa na mto Lukuga tu, utokao ziwani na kwenda hata Lualaba. Walikaa huko Watumbwe na Waholoholo, na kusini Watabwa. Wafanya biashara wa Pwani walikuja kutafuta pembe na watumwa. Waliharibu nchi, ila lugha yao ilibaki, nasi twasali kwayo. Mwisho wa mwaka 1891 Kapteni Jacques alijenga boma la kupigana na wauza watu, likaitwa Albertville. Reli ya Kabalo ilifika mwaka 1915, ikaleta Waluba wengi na watu wa mbali.

Basi watu hao walioana, na hapo ndipo penye jambo. Kwa Watabwa na Waholoholo mtoto hufuata ukoo wa mama yake, na neno la mjomba ni zito. Kwa Waluba wa Katanga hufuata ukoo wa baba. Mluba akioa binti wa Kitabwa, mtoto hudaiwa na pande zote mbili. Wazee hugombana kidogo, lakini yeye ana nyumba mbili. Mtabwa akioa binti wa Kiluba, mambo hugeuka: baba amwambia, “Wewe ni wa kwa mama yako,” na wajomba wasema, “Nenda kwa baba yako.” Mtoto huyo, aliyezaliwa hapa, aliyelelewa kwa bukari na ndakala za ziwa hili, nani atamwita mgeni? Kwetu sisi yeye ndiye mwenyeji kuliko wote.

Padri Stefano Kaoze, Mtabwa, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa upadri huko Baudouinville mwaka 1917, aliandika juu ya fikira na desturi za watu wake wakati wazee walipokuwa hai. Alifariki mjini humu mwaka 1951. Desturi za Watwa hazikupata mwandishi wa namna hiyo kati yao, na wazee wao wengine walikufa katika vibanda vile.