Taaluma Iliyolificha Duka Lake

Kila mwaka zaidi ya watu 50,000 huomba nafasi katika vyuo vya udaktari vya Marekani, na wengi wao hupitia fomu moja ya pamoja. Fomu hiyo ina nafasi 15 za kuorodhesha kazi na shughuli, kila moja ikipewa herufi 700 tu, na tatu kati ya hizo huruhusiwa maelezo marefu zaidi kwa kuwa ndizo mwombaji anazoziona zina uzito. Hapo ndipo hukwama kijana aliyekuwa akiuza fulana, akibadilisha vioo vya simu au akioka keki za sherehe alipokuwa sekondari. Aiandike biashara hiyo au aiache? Kusita kwake kuna sababu mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni ya muda: mambo ya sekondari yamepita, na desturi ya waombaji ni kuanza kuhesabu chuo kikuu. Ya pili ni ya aibu: alitoza watu fedha, akapata faida, na sasa anataka kamati isadiki kwamba anapenda kuhudumia wagonjwa. Sababu ya kwanza ni ndogo na ina majibu yake. Ya pili ndiyo yenye historia, na ukiifuata historia hiyo utaona kwamba aibu yenyewe si ya kijana. Ni ya taaluma anayoibishia hodi, ambayo kwa sehemu kubwa ilizaliwa dukani, kisha ikajitahidi kwa vizazi kadhaa kulisahau duka hilo.

Tuanzie London. Wauza dawa wa mji huo walikuwa sehemu ya chama cha wauza viungo na vyakula hadi mwaka 1617, walipojitenga na kupata chama chao. Kisheria kazi yao ilikuwa kuchanganya na kuuza dawa, si kutibu. Kutibu ilikuwa haki ya matabibu waliosoma vyuo vikuu, ambao walikuwa wachache na ada zao hazishikiki kwa mtu wa kawaida. Muuza dawa mmoja, William Rose, alishitakiwa kwa kumtibu mchuuzi wa nyama, na kesi ikapanda hadi Bunge la Malodi. Mwaka 1704 Malodi waliamua kwamba muuza dawa anaweza kumshauri mgonjwa, ila alipwe kwa dawa tu, si kwa ushauri. Uamuzi huo ulifungua mlango ambao kizazi baada ya kizazi cha waganga wa Uingereza kilipitia, na ulikuwa na kasoro yake: ikiwa chupa pekee ndiyo inayolipwa, mgonjwa atapewa chupa nyingi. Sheria ya mwaka 1815 ndiyo iliyoweka utaratibu, ikamtaka anayetafuta leseni ya wauza dawa akae miaka mitano ya uanagenzi. Mshairi John Keats alianza uanagenzi wa namna hiyo kabla hajatimiza miaka 16, kwa mpasuaji na muuza dawa wa Edmonton, na mwaka 1816 akapata leseni. Kwa vijana wa aina yake, kazi ya dukani katika ujana ndiyo iliyokuwa barua ya kuingilia kwenye udaktari.

Marekani ilirithi mchanganyiko huo bila vile vyama vya zamani vya kuuwekea mipaka. Katika karne ya 19 madaktari walianzisha vyuo vyao binafsi kwa ajili ya faida. Mwanafunzi alinunua tiketi za mihadhara kutoka kwa profesa mmoja mmoja, akasikiliza muhula wa miezi michache, kisha mara nyingi akaurudia uleule mwaka wa pili, akapewa shahada. Masharti ya kuingia yalikuwa hafifu au hayakuwapo, kwa sababu kila aliyekataliwa alikuwa ada iliyopotea. Hata Harvard haikusalimika: Charles Eliot alipotaka mitihani ya maandishi baada ya kuwa rais wa chuo mwaka 1869, profesa wa upasuaji Henry Bigelow alimpinga kwa hoja kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi hawakuweza kuandika sawasawa. Profesa mwenyewe aliona hilo ni sababu ya kuacha mambo yalivyo. Mageuzi ya mwaka 1871 yalipita hata hivyo, na pamoja na mengine yakawafanya maprofesa walipwe mshahara badala ya kugawana ada.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ndiyo pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu kwamba kijana asiionee haya biashara yake, na halifai kupitwa haraka. Anayesema udaktari na biashara viachane hana kijicho cha bure. Ana maiti za kuonyesha. Chama cha Madaktari wa Marekani kilipoanzishwa mwaka 1847 na kutunga kanuni za maadili, kilikataza kujitangaza magazetini, kumiliki hataza za vifaa vya upasuaji na kuuza dawa ambazo siri yake hufichwa. Nchi ilikuwa imejaa wachuuzi wa dawa za kila ugonjwa, nyingine zikiwa pombe na afyuni ndani ya chupa yenye picha nzuri. Kanuni hizo zilikuwa na sababu. Lakini zilikuwa na kazi ya pili pia, nayo ni kumchora daktari kama muungwana asiyegusa fedha, ingawa kila jioni alihesabu madeni ya wagonjwa wake kama mwenye duka yeyote wa mtaa huo. Biashara haikuondoka, iliondolewa kwenye picha tu.

Ukitaka kuona jinsi picha hiyo ilivyotengenezwa, itazame familia ya Flexner ya Louisville, Kentucky. Baba, Morris, alikuwa mhamiaji Myahudi aliyeanza kama mchuuzi wa kutembeza bidhaa. Mtoto mkubwa, Jacob, alikuwa na duka la dawa. Mapato ya duka hilo ndiyo yaliyomsomesha mdogo wake Abraham katika chuo kikuu cha Johns Hopkins. Mdogo mwingine, Simon, alifanya kazi katika duka hilohilo, akasomea ufamasia, akapata shahada ya udaktari Louisville mwaka 1889, kisha akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Rockefeller ya utafiti wa tiba huko New York na mmoja wa wanasayansi wakubwa wa enzi yake. Abraham, ambaye hakuwa daktari, alirudi nyumbani akaendesha shule yake binafsi ya kulipia, na baadaye taasisi ya Carnegie ikamtuma kukagua vyuo vya udaktari. Ripoti yake ya mwaka 1910 ilihukumu vyuo 155 vya Marekani na Kanada, ikapendekeza 31 tu vibaki, na kosa lililorudiwa kurasa nzima lilikuwa kwamba vyuo hivyo ni biashara. Kipimo chake kilikuwa chuo cha udaktari cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa mwaka 1893 kwa sharti la shahada ya kwanza. Kwa kipimo hicho Simon Flexner, aliyetoka moja kwa moja dukani, asingepata kiti.

Na fedha za kuitenga tiba na biashara zilitoka wapi? Kwa Carnegie wa chuma na Rockefeller wa mafuta, ambao mifuko yao ndiyo iliyojenga upya vyuo vilivyobaki. John D. Rockefeller alifuga bata mzinga akiwa mtoto na kuwauza, na akiwa na miaka 16 alikuwa karani wa hesabu Cleveland. Baba yake alizunguka vijijini akijiita daktari na kuuza dawa za saratani. Mtu akitunga riwaya yenye mambo hayo ataambiwa amezidisha chumvi.

Matokeo ya mageuzi yalikuwa mazuri kwa sayansi, na makali kwa wale waliokuwa wakiingia kwa mlango wa nyuma. Vyuo saba vya Wamarekani weusi vilipungua hadi viwili, Howard na Meharry. Viti vilipokuwa vichache na waombaji wenye alama nzuri kuzidi, vyuo vilihitaji njia ya kukataa watu ambao mtihani ulikuwa umewakubali. Hapo ndipo tabia ya mwombaji ilipopata umuhimu ambao haikuwa nao zamani za tiketi. Tangu miaka ya 1920 vyuo kadhaa viliuliza dini, mahali alipozaliwa baba na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, vikaomba picha, vikamwita mwombaji kwa usaili. Lengo mara nyingi lilikuwa kupunguza Wayahudi, wengi wao watoto wa mafundi cherehani na wenye vibanda vya New York, walioandamwa na kashfa ya kale kwamba ni watu wa kupenda fedha. Mkuu wa chuo cha udaktari cha Yale, Milton Winternitz, anakumbukwa kwa kuweka ukomo wa Wayahudi na Wakatoliki wa Kiitalia na kuwafungia weusi mlango kabisa, ilhali yeye mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Jimbo la New York lilipiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1948. Maswali yakafutwa, mazoea ya kumpima mtu kwa harufu ya nyumbani kwao hayafutwi kwa sheria.

Nyaraka za kesi ya Bakke zinaonyesha jinsi faili la mwombaji lilivyokuwa miaka ya 1970. Chuo cha udaktari cha Davis, California, kilimpa kila mwombaji jumla ya maksi zilizotokana na usaili, alama za masomo, mtihani wa taifa, barua za wadhamini na shughuli zake nje ya darasa. Allan Bakke, mhandisi aliyekataliwa mwaka 1973 na 1974, alishitaki kwa sababu viti 16 kati ya 100 vilitengwa kwa waombaji wa makundi yaliyobaguliwa. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ilifuta utengaji huo lakini ikaruhusu asili ya mtu izingatiwe pamoja na mambo mengine ya maisha yake. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo iliondoa ruhusa hiyo kwa sehemu kubwa, ikaacha nafasi kwa mwombaji kueleza mwenyewe yaliyompata. Kila hatua imeongeza uzito wa simulizi ya maisha. Na katika simulizi hiyo shughuli yenye heshima zaidi imekuwa kujitolea: saa hospitalini bila malipo, saa maabara bila malipo, saa nyuma ya daktari ukimtazama akitibu. Ni mambo mema. Ila kujitolea kuna bei, na anayeilipa ni mzazi. Kijana aliyelazimika kuuza kitu ili alipe nauli hana saa za kutoa bure, na akificha mauzo yake faili lake litaonekana tupu kuliko maisha yake.

Wapo watakaosema kwamba biashara nyingi za vijana siku hizi si za shida bali za anasa: baba katoa mtaji, mama kafungua akaunti, mjomba kawa mteja. Pingamizi hili naliona zito kuliko lile la faida, na jibu lake halipo katika kunyamaza bali katika kueleza. Anayetaja mtaji ulikotoka hupimwa kwa haki. Anayeuficha hugundulika kwenye usaili. Wengine watasema kamati itamwona ana uchu wa fedha. Lakini taaluma yenyewe imeshalegeza: marufuku ya madaktari kujitangaza ilivunjwa na serikali, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ilipogawanyika nusu kwa nusu uamuzi huo ukabaki. Leo vyuo vingi hufundisha shahada ya udaktari sambamba na ya uongozi wa biashara. Chuo chenye programu hiyo hakina uso wa kumkunjia mtoto aliyeuza keki.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kushangaa mjadala wote huu, maana kwetu kiti cha udaktari hutafutwa kwa alama za fizikia, kemia na baiolojia, na hakuna anayeuliza kama uliwahi kuuza maandazi. Utaratibu huo una ukavu wake, lakini una usafi pia: haumpi mtu nafasi ya kukuhukumu kwa nyumba uliyotoka. Jambo linawagusa zaidi watoto wa Waswahili waliohamia Marekani, waliokuwa wakishika daftari la duka la mzazi, wakimtafsiria mbele ya msambazaji na kudai madeni kwa wateja wakubwa kuliko wao. Wengi hawaiiti hiyo biashara wala kazi. Kwao ni kusaidia nyumbani, na kwa hiyo haiingii kwenye fomu kabisa.

Iingie, lakini kwa masharti. Kama shughuli iliendelea hata miezi michache chuo kikuu, ipewe nafasi yake chini ya ajira ya malipo, ikiwa na tarehe, saa za kweli na mtu anayeweza kuthibitisha asiye ndugu, kwa mfano msambazaji au mteja wa siku nyingi. Herufi 700 zitumike kwa yaliyofanyika: bidhaa gani, bei iliamuliwaje, mteja aliyelalamika alijibiwa nini, hasara ilitoka wapi. Maneno ya uongozi na uthubutu yaachwe. Wasomaji wa mafaili wameyachoka. Na kama biashara ilikufa kabla ya kumaliza sekondari na haikuacha alama yoyote, nafasi hiyo apewe mgonjwa au maabara ya hivi karibuni, na biashara ipate sentensi moja ndani ya insha, pale inapoeleza ada ya mwaka wa kwanza ililipwaje.