Tuta la Solai

Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, nchini Kenya, tuta la bwawa la Patel lilibomoka. Maji yaliteremka kwa kishindo, yakasomba nyumba pamoja na waliokuwamo. Watu 48 walipoteza maisha, watoto wengi wakiwa miongoni mwao.

Msiba huo una mizizi ya zamani. Katika enzi za ukoloni, walowezi wa Bonde la Ufa walijenga mabwawa ya udongo mashambani mwao ili kunywesha mifugo na kumwagilia mazao. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi yalipata wenyewe wapya. Desturi ya kukinga maji vilimani ikaendelea, na makazi yakaongezeka mabondeni.

Tuta la udongo, hata likiwa dogo, lahitaji ulinzi kama ghala la silaha. Mizizi ya miti na mashimo ya wanyama hulitoboa polepole. Mfereji wa kupunguzia maji ukiziba, maji hupanda juu ya tuta na kulimega hadi likatike. Na masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa mno.

Sheria ya Maji ya 2016 ilikwisha kudai kibali. Lakini kibali hakizibi ufa. Polisi na waokoaji wa Msalaba Mwekundu walifukua matope wakitafuta miili. Ndipo wahandisi walipokwenda kukagua mabwawa ya jirani, kazi ambayo ingaliweza kufanywa wakati wa kiangazi, maji yakiwa haba.