Mkanda Usiopasuka

Mwaka 1917, mjini Denver, Marekani, John Gates alibuni mkanda wa mpira wenye umbo la V, unaojibana kwenye mfereji wa puli. Kwa miaka mingi baada yake, fundi aliupima mkanda kwa dole gumba. Alibonyeza katikati ya puli mbili. Ukizama kama sentimita moja, sawa. Ukizama zaidi, alilegeza bolti ya alteneta, akavuta, akakaza tena. Sisi tukauita fenibelti, na jina limebaki hata kwa magari ambayo feni yake inazungushwa na umeme.

Mwaka 1979 Ford walitoa Mustang yenye mkanda mmoja mpana, wa matuta membamba, unaopinda huku na huku kati ya puli kama nyoka. Ukazi wake ukakabidhiwa tenshena, yaani mkono wenye springi. Nafasi ikaokolewa chini ya boneti, dole gumba likakosa kazi. Lakini mayai yote yakawa kapu moja: mkanda ukikatika, chaji inakwenda, usukani unakuwa mzito, na kwa magari mengi pampu ya maji nayo inasimama, injini ikachemka.

Basi mafundi wakajifunza kuhesabu nyufa. Mpira wa neoprini ulizeeka kwa kupasuka, kila mtu akaona. Ila kuanzia miaka ya 1990 viwanda vikahamia mpira wa EPDM, ambao hupasuka kwa nadra sana. Wenyewe huisha kama tairi: matuta yanalika taratibu, mifereji inapanuka, mkanda unateleza huku ukionekana mzima. Kwangu mimi hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko ya 1979, na ndiyo yaliyotangazwa kidogo zaidi.

Mwaka jana, siku chache kabla ya kumpeleka mama Iringa, gari lilikuwa likilia kila asubuhi. Fundi aliupinda mkanda, akatafuta nyufa, hakuziona. "Huu bado kabisa, dada." Mimi nikiwaza mlima Kitonga na malori yake, nikamwomba anyunyize maji kidogo upande wa matuta, injini ikiunguruma. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi, mara nyingi puli hazijanyooka mstari mmoja. Ukizidi, mkanda unateleza.

Ulizidi.

Akainama na tochi. Mkono wa tenshena ulikuwa ukitetemeka. Akazima injini, akausukuma kwa spana: ulikwenda bila ubishi, na puli yake ilipozungushwa kwa kidole ilikwaruza, beringi imekwisha. Tukanunua vyote viwili, maana mkanda mpya juu ya springi iliyochoka ni hela ya kutupa.

Alipomaliza alikata kipande cha ule wa zamani, akakilaza kando ya boksi la mpya, akawaita vijana wake wapitishe kucha kwenye mifereji.