Tete Kwanza, Mkuki Baadaye

Mwalimu wa michezo akikwambia mtoto yuko darasa la tano na kwa hiyo apige kichwangomba, mwulize kwanza kama mtoto huyo anajua kuanguka. Nimefundisha michezo ya viungo katika shule za msingi za Muleba mpaka nikastaafu, na ugomvi wangu na wenzangu ulikuwa huo huo miaka yote: mtoto apandishwe kwa umri wake, au kwa kile ambacho mwili wake umekwisha kukishika?

Sisi Wahaya tulikuwa na shule ya mwili kabla ya ubao na chaki. Iliitwa muteko. Omukama, yaani mfalme, alitoa amri, wavulana wa rika moja wakakusanywa vijijini na kupelekwa kikale, yaani ikulu yake, wakajifunze mbio, mieleka, kurusha mkuki, ngoma na adabu za baraza. Walirudishwa makwao, wakakua kidogo, wakaitwa tena. Babu mzaa baba aliipitia katika ufalme wa Kianja, enzi za Omukama Kahigi, aliyetawala hadi 1916.

Kwanza, alituambia babu, walipewa tete lililochongwa ncha, wakalenga shina la mgomba lililosimikwa ardhini. Aliyekosa hakuchapwa, kazi yake ilikuwa kuwaokotea wenzake matete mpaka naye apate. Halafu mmoja wao alipanda juu ya mteremko akaviringisha kipande cha mgomba, wengine wamejipanga pembeni, kila mtu anarusha kinapompitia. Hapo ndipo wengi walipokwama, maana jicho huwahi na mkono huchelewa. Kipande kikifika bondeni kimesimamisha miiba kama nungunungu, walishangilia wote. Mkuki wa chuma haukukabidhiwa mtoto ambaye hajaweza kulenga kinachokimbia.

Juu kabisa kulikuwa na okwebuga. Kijana anajitokeza mbele ya Omukama, mkuki mkononi, anasonga na kurudi kwa hatua zenye mpangilio huku akijigamba kwa jina lake na ukoo wake na kuapa utii. Pumzi ikimkatikia katikati ya maneno, baraza zima limesikia. Miguu, mapafu na ulimi vinapimwa kwa mpigo mmoja. Sijaona mtihani wa jimnastiki ulio mkali kuliko huo.

Nisiipambe mno. Muteko ilikuwa ya kumtafutia Omukama askari na watumishi. Waliong'ara walibakizwa kikale na baadhi wakaambulia vyeo na ardhi. Wasichana hawakuwamo kabisa.

Wajerumani, waliokuwa na kituo chao Bukoba tangu 1890, hawakuhitaji wafalme wenye majeshi, na Mapadri Weupe, waliofungua misheni Kashozi 1892, waliwataka vijana wale wale. Muteko ikanyong'onyea. Wafalme hao wenyewe walifutwa kisheria 1963. Huko Ulaya mazoezi ya viungo yalikuwa yameshapata mpangilio wake: Mjerumani Jahn alifungua uwanja wake wa mazoezi Hasenheide, Berlin, 1811, na Waingereza walitoa mtaala wa shule 1933 wenye majedwali ya mazoezi, umri kwa umri. Kilichonifikia mimi nikiwa mwanafunzi ni amri tu: mikono juu, mikono mbele, ruka, pumzika. Vyuma vya kuning'inia havikuja.

Kisha ikaja halaiki, yale maonyesho ya viungo ya watoto wengi kwa pamoja. Nimeiandaa, naijua, na watoto huipenda. Lakini humo mtoto huchaguliwa kwa urefu, mstari usiharibike. Anayeweza kusimama kwa mikono na asiyeweza hupewa kitambaa cha rangi moja.

Ngazi za kweli nilizikuta kwenye sarakasi. Serikali ilipeleka vijana China kujifunza, kundi la taifa la sarakasi likaundwa 1969, na sanaa hiyo ikaja kufundishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Sarakasi haimwulizi mtu yuko darasa gani.

Magodoro sikuwa nayo. Nilitandaza nyasi, juu yake majani makavu ya migomba, na ngazi zangu zilikuwa hivi: kuanguka kwa bega bila kutanguliza mkono, kubiringika mbele, kubiringika nyuma, kusimama kwa mikono ukutani, kisha bila ukuta, ndipo kichwangomba. Kwenye kubiringika mbele nilimbania mtoto jani kavu kati ya kidevu na kifua. Likidondoka kabla hajainuka, shingo haijakunjwa, anarudi nyuma ya foleni. Wapo waliokaa na jani hilo muhula mzima, wakubwa kwa wadogo.

Mwalimu mkuu mmoja alitaka siku ya wazazi darasa la saba lote lipige kichwangomba. Nikamletea watoto wachache, wa madarasa mchanganyiko.

"Mwalimu, na hawa wengine?"

"Bado jani linadondoka, mkuu."

Hakufurahi. Aliyefunga onyesho alikuwa msichana wa darasa la tatu, na nilimweka mwisho kwa sababu ndiye aliyekuwa akitua vizuri kuliko wote.